Hatamu ya Kushoto

4 Februari

Dada,

Simu zangu hupokei, ujumbe husomi, kwa hiyo nimenunua bahasha. Nadhani unafurahi kunipangisha foleni posta kama mstaafu.

Siandiki kuomba radhi. Nakuandikia kama mkuu wa shule hii ya kupanda farasi, na nakuuliza wewe kama fundi, maana mteja mmoja aliyasifia matandiko yako mbele yangu nikakosa pa kuweka uso. Ni habari ya Shaba, yule jike mwekundu wa marehemu baba. Tangu mzee afariki mwaka jana nimemwingiza kwenye mafunzo, naye ameniletea balaa. Anaelemea hatamu ya kushoto. Ukimpanda unahisi umebeba ndoo ya maji mkono mmoja, na mwingine hauna kitu. Ukitaka kwenda kulia shingo inakuwa gogo, yeye huyo, kushoto. Jumanne iliyopita alimpeleka binti wa mwanasheria moja kwa moja kwenye uzio. Binti amevunjika mfupa wa bega. Baba yake hajapiga kelele, na hilo ndilo linalonitisha.

Nimemvuta, nimemchapa, nimembadilishia mpandaji. Wapi. Wewe ulikuwa ukijitapa kwamba hakuna farasi usiyemweza. Basi sema. Kwa maneno machache, kama unayo.

Mdogo wako,
Mkuu wa Shule


11 Februari

Mkuu wa Shule,

Saini yako nimeisoma mara mbili ili nicheke mara mbili. Shule ya wanafunzi wangapi? Tisa, na mmoja sasa ana plasta.

Farasi akielemea hatamu, wanaovuta ni wawili. Hawezi kuegemea hewa. Anaegemea kwa sababu upande wa pili kuna mpumbavu aliyekubali kuwa ukuta. Nilikuona ukipanda una miaka kumi na miwili, nikamwambia baba: mkono wa kushoto wa huyu ni nanga. Baba akasema utakua. Umekua, na nanga nayo imekua.

Fanya hivi, na ufuate mpangilio, usichaguechague kama uko kwenye mitumba. Kwanza mwite daktari wa mifugo amwangalie meno; jino moja lenye ncha linatosha kumfanya alale upande. Pili, geuza tandiko ulitazame chini. Kama sufu iliyojazwa humo imelala upande mmoja, umekuwa ukiwakalisha watu kombo. Tatu, mpande wewe mwenyewe, kwa hatua za kawaida, kwenye duara kubwa. Akilala kwenye hatamu ya kushoto, usivute. Mwachie kidogo, vidole tu, upokee, umwachie tena. Mguu wako wa kushoto umsogeze kuelekea hatamu ya kulia mpaka aikute ipo. Dakika ishirini kwa siku, wiki sita. Nimesema wiki sita, si siku sita, maana nakujua.

Na usimchape. Mkono ulioleta kasoro ni huohuo unaoshika fimbo.

Wifi yangu msalimie. Wewe sikusalimu.

Dada yako mkubwa


19 Februari

Dada,

Maelezo nimeyapokea pamoja na matusi, ambayo naona ndiyo yaliyoongeza uzito wa bahasha.

Meno yamekaguliwa, ni mazima. Tandiko liko sawa. Duara nimezunguka mpaka nikaona kizunguzungu. Nimemwachia hatamu kama ulivyoelekeza, naye akaona ameachiwa nchi nzima, akanitoa uwanjani mpaka kwenye kamba za nguo za jirani. Kwa hiyo nanga si mimi. Farasi mwenyewe ni mbovu, na aliyemharibu ni baba, kwa kuwa miaka yake miwili ya mwisho hakuna mwingine aliyempanda. Hilo hutalikubali. Wewe unamkumbuka mzee kama alivyokuwa siku unaondoka. Mimi nilibaki, nikamwona alivyolegea. Kila asubuhi anazunguka uwanja taratibu, mgongo umepinda, na yule mtunza farasi anatembea ubavuni kama mlinzi wa benki.

Uliondoka miaka sita iliyopita kwa sababu funguo alinipa mimi, na sababu alikueleza waziwazi: una mikono mizuri, lakini ulimi wako ungewamaliza wanafunzi kabla mwezi haujaisha. Nikisoma barua yako naona mzee alijua anachosema.

Mkuu wa Shule
(wanafunzi kumi na mmoja, kwa taarifa yako)


24 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Naandika harakaharaka kwenye ubao wa kukatia vitunguu, mume wangu yuko uwanjani. Nimeiona nakala ya barua aliyokutumia. Anaziweka nakala kwenye faili, ameliandika "Mawasiliano ya Nje".

Daktari wa mifugo hakuja. Tandiko halijageuzwa. Duara alizunguka siku mbili. Siku ya tatu akasema hawezi kufundishwa kwa posta kama mtoto wa chekechea, akaenda kununua lijamu jipya, lile lenye mnyororo unaobana taya. Kinywa cha Shaba kimechanika pembeni. Yule mzee mtunza farasi, ambaye siku hizi sote tunamwita Kimya, alilivua akalitupa kwenye samadi. Mume wangu alilitafuta kwa uma mkubwa wa majani saa nzima, amevaa viatu vyake vya kupokelea wageni. Alilipata.

Sasa mwanasheria ameleta barua. Anataka Shaba aondolewe shuleni, la sivyo watakutana mahakamani. Mwenye tanuri la matofali amekubali kumchukua, atakuja na lori Ijumaa.

Sikupangii la kufanya. Ninachokiona ni kwamba nyinyi wawili mmekaa mnatazamana, na farasi hana anayemtazama.

Wifi yako


28 Februari

Wewe,

Nimeambiwa. Usiulize na nani. Katika nyumba yako kila mtu ana macho ila wewe.

Umeniandikia uongo mara tatu ndani ya mistari mitatu: meno, tandiko, duara. Na ni uongo wa mvivu. Mtu mwenye bidii angebuni angalau rangi ya gari la daktari. Ukaona haitoshi, ukamtia farasi mnyororo mdomoni, chuma ambacho hata baba, na hasira zake zote, alikataa kukiingiza bandani. Nimeshona matandiko ya watu wengi wasiojua kupanda. Wengi wao walijua kwamba hawajui. Hapo ndipo wanapokuzidi.

Usimtoe Shaba. Mwambie mwenye lori asije. Nitakuja mwenyewe Jumapili nimpande mbele yako, utazame, ujifunze, halafu tusionane tena.

Dada yako, kwa bahati mbaya


7 Machi

Dada,

Barua yako imefika Jumatatu. Shaba aliondoka Ijumaa. Jumapili nilikuona getini, nikawaambia wakuambie sipo. Wamesema hukushuka hata kwenye teksi ulipoona banda liko tupu.

Alipandishwa kwenye lori bila ubishi. Kichwa chake alikuwa amekishika Kimya, na aliposhuka alinitazama kama mtu anayetazama alichokikanyaga. Sihitaji dharau ya mfanyakazi juu ya hiyo yako. Mke wangu nilimuuliza kama ndiye aliyekuandikia, akakubali palepale, tena huku anapepeta mchele. Inaonekana hakuna anayeniogopa hapa, na bado wote wanakula kwa kazi yangu.

Umeshasema yako. Farasi hayupo, hatuna tena la kuandikiana.

Mkuu wa Shule


12 Machi

Wifi,

Kimya amekuja jikoni akaniomba nimwandikie. Nimemwahidi kuandika kila neno kama lilivyo. Kuanzia hapa anayesema ni yeye.

Wewe mtoto mkubwa. Mimi sijui kuandika, na ningejua nisingekuandikia wewe. Nakuandikia kwa sababu farasi hana mdomo.

Nasikia mnabishana Shaba ameharibiwa na mkono wa nani. Ni mkono wa baba yenu. Wa kulia. Ulikufa. Miaka mitatu iliyopita aliamka asubuhi moja akashindwa kufunga kifungo cha shati. Mguu wa kulia nao ukawa unaburuta kidogo. Akaniita bandani akaniambia, "Ukisema, nakufukuza." Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka ishirini na minane, hakuwa na haja ya kunitisha. Lakini ndivyo alivyokuwa, na nyote wawili mmemfuata.

Nilikuwa nampandisha kwa ngazi ya ghala kabla wanafunzi hawajafika. Hatamu ya kulia naizungusha kwenye kiganja chake, ionekane ameishika. Hakuishika. Alikuwa na ya kushoto tu. Mwili unamvuta kulia, upande uliokufa, naye anajizuia asidondoke kwa kuning'inia kwenye ile ya kushoto. Siku za kwanza Shaba alishangaa, akawa anasimamasimama. Halafu akaelewa. Akawa anailalia hatamu ile, anavuta upande wake, ili mzee awe na kitu cha kushikilia. Miaka miwili. Hakumwangusha hata mara moja.

Huo ndio ubovu wake.

Mdogo wako alikunywa naye chai meza moja kila siku, hakuona mzee anakoroga kwa mkono gani. Wewe ulikuwa mjini unashonea matajiri na kununa. Akishakufa, mmoja anamchapa farasi na mwingine anatunga insha juu ya vidole. Mngeniuliza. Nipo hapa kila siku, nazoa samadi. Lakini kati yenu hakuna aliyefikiri mimi ni mtu wa kuulizwa kitu.

Nimemaliza. Sina salamu.

Ndiyo hayo, wifi. Lile la kununa nilitaka kuliruka, akaniambia nimsomee tangu mwanzo, nikalirudisha. Mume wangu ameisoma kabla sijafunga bahasha. Ametoka, na koti ameliacha.

Wifi yako


20 Machi

Mdogo wangu,

Wiki nzima sijashika sindano. Nimewaambia wateja kwamba ngozi imechelewa.

Ninazo barua tatu za baba za ile miaka miwili. Mistari minne minne. Herufi zimelaliana, nyingine zimetoka nje ya karatasi. Unakumbuka mwandiko wake, ule ambao walimu walikuwa wakiuonyesha darasani nilipokuwa bweni. Niliposhika karatasi hizi nikasema, mtu yule leo hana hata dakika ya kukaa mezani kwa ajili yangu. Nilidhani ni dharau. Naijua dharau, niliisomea kwake. Ya kwanza sikuijibu. Ya pili sikuijibu. Ya tatu niliijibu hivi: "Ukipata muda wa kuandika vizuri, nami nitapata muda wa kusoma." Sentensi hiyo moja. Nikatia sahihi, nikaipeleka posta kwa miguu yangu.

Hakuandika tena.

Nimezisoma jana kwa mara ya kwanza kama inavyostahili barua kusomwa. Hakuna lolote kubwa ndani. Mvua, bei ya nyasi, farasi fulani ameota jipu. Ya tatu inauliza kama bado natumia uzi wa katani. Mtu anatumia mkono asioujua, inamchukua pengine asubuhi nzima, kuniuliza habari ya uzi.

Sikuambii ili unihurumie. Huruma yako sijui ningeiweka chumba gani. Nakuambia kwa sababu nilikuita mpumbavu asiyeona, na jina hilo nililigawa kwa mtu mmoja wakati lilitosha wawili.

Tanuri la huyo mtu liko wapi?

Dada


27 Machi

Dada,

Kimya amekosea jambo moja. Niliona.

Niliona kijiko. Niliona anavyokaa upande upande kwenye kiti. Nilimuuliza mara moja, akasema aliteguka akishusha magunia, na mimi mteguko ule niliukubali miaka miwili mizima. Kama angekuwa mgonjwa, ningelazimika kukuita. Na ungekuja. Ungeshika mambo asubuhi ya kwanza, kufikia jioni ungekuwa umempata daktari, umepanga ratiba, na mimi ningerudi kuwa yule wa kushikiwa farasi. Kwa hiyo mzee aliteguka. Nilikuwa nikimpitishia kikombe upande wa kushoto, na yeye anakipokea.

Sasa unacho cha kunidharau kwa haki. Zamani ulikuwa unabahatisha.

Tanuri liko ng'ambo ya reli, nyuma ya ghala la saruji. Nilikwenda Jumapili, nikasimama nje ya uzio wa mabati, nikamsikia akipuliza pua vile anavyofanya. Nikarudi nyumbani.

Binti wa mwanasheria amefunguliwa plasta. Wanafunzi wamebaki saba. Nilikudanganya, hawajawahi kufika kumi na mmoja.

Mdogo wako


9 Aprili

Mdogo wangu,

Nimekwenda. Njia nzima nilikuwa nikipanga vidonge vya kumpa yule mwenye tanuri, na sikupata nafasi ya kumpa hata kimoja. Ni mtu mwenye adabu kuliko sisi sote. Shaba habebi matofali. Amefungwa kwenye mti wa mtambo wa kukandia udongo, anauzungusha, na mtambo ule unazungukia kushoto. Mwenye tanuri anasema hajapata mnyama wa namna hii: wengine lazima awapigie kelele ili wakunje duara, huyu anaelemea kushoto mwenyewe tangu asubuhi. Kidonda cha mdomoni amekipaka dawa mpaka kimefunga. Nilimuuliza kama ameona kasoro yoyote. Akanitazama kwa heshima, kama unavyomtazama mtu aliyepotea njia, akasema, "Kasoro gani?"

Miezi miwili mimi na wewe tumetukanana kwa habari ya huyu mnyama. Yeye ilimchukua asubuhi moja kumpa kazi inayomfaa.

Niliomba nimpande, akaniruhusu. Nilikuwa nimekwenda na tandiko langu. Nikashika hatamu, na kweli, uzito ule. Mikono yangu ikaanza yenyewe kabla sijaituma: vidole, achia, pokea. Mwishowe nikaiachia yote. Akasimama. Hakwenda kushoto, hakwenda kulia. Masikio yamegeuka nyuma kunisikiliza, mgongo umekaza chini yangu. Nilikaa pale nikijiuliza ana nini. Halafu nikaelewa. Alikuwa anasubiri nianguke.

Nikaishika tena. Akashusha pumzi, akaanza kutembea.

Zile wiki sita nilizokuamuru, zisahau. Sitamfundisha kuacha.

Mwenye tanuri tumeelewana. Mteja wangu mmoja ana punda dume mkubwa asiye na shughuli, yeye ataingia kwenye mtambo, nami nitawashonea wanyama wote wa pale mikanda ya kifua isiyowachubua. Shaba atakuwa wangu.

Sasa sehemu nisiyoipenda, na nimeiandika mara nne. Naishi vyumba viwili juu ya karakana, na farasi hapandi ngazi. Nahitaji banda, na mtu wa kumtunza anayemjua. Vyote viwili viko kwako. Ukikataa nitaelewa, na nitaendelea kukudharau kama kawaida, huna utakachopoteza.

Dada


14 Aprili

Dada,

Banda la mwisho nimelifagia mwenyewe. Kimya alisimama mlangoni na kunionyesha kila nilipoacha, akanirudisha mara tatu. Anasema umlete, ila hatakusalimia. Nimemwomba anieleze jinsi walivyokuwa wakimpandisha mzee, hatua kwa hatua. Alinieleza huku anachambua majani, bila kuniangalia, na nilipouliza swali la kijinga aliniambia ni la kijinga. Halafu akalijibu.

Mwanasheria nimemwandikia kwamba Shaba anarudi na hatapandwa na mwanafunzi yeyote. Kama hataridhika, aje azungumze na mimi.

Jumamosi asubuhi naenda kufuata nyasi kavu, sitakuwepo mpaka saa sita. Kuanzia saa saba nipo. Ukitaka kumleta bila kuniona, asubuhi inakufaa, na sitakuuliza. Chagua.

Mdogo wako


17 Aprili

Mdogo wangu,

Tutafika saa nane mchana. Tunakuja kwa miguu, kwenye lori hatapandishwa tena.

Usije kutupokea njiani, na usiniandalie hotuba. Simama tu mahali ninapoweza kukuona.

Dada yako